Siku Tatu Maganga Alipochunga Jua

Wasifu wa marehemu Maganga ulisomwa na Davis, katibu wa kanisa, mbele ya waombolezaji waliokaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai lililotoboka. Ulikuwa na mistari kumi na mmoja. Ulisema kwamba alizaliwa, alibatizwa, alisoma mpaka darasa la saba, alioa, alifuga, aliugua, na akafariki katika hospitali ya Kolandoto. Mstari wa kumi ulisema marehemu alipenda michezo. Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumwona Maganga akitazama hata watoto wakicheza kombolela. Lakini fomu ya Davis ilikuwa na nafasi ya michezo, na nafasi ikiachwa wazi watu hufikiri marehemu alikuwa mtu wa ovyo.

Penye kazi alizowahi kufanya paliandikwa "mkulima na mfugaji", basi. Haikusemwa kwamba kwa siku tatu Maganga alikuwa mtumishi wa elimu ya anga, bila barua ya ajira, bila posho, na bila hata kivuli cha kukaa. Mungu anayajua hayo tayari na hahitaji kusimuliwa. Ukoo ndio unaohitaji.

Maganga alikuwa na nyumba ya bati, zizi, na shamba la ekari nne, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka machimbo ya Mwakitolyo. Kule machimboni kila mwanaume mwenye mikono miwili alikuwa na duara, yaani shimo lake la dhahabu, na kila mwenye duara alikuwa atajirike wiki ijayo. Boaz, mdogo wake Maganga, alikuwa atajirike wiki ijayo kwa miaka tisa mfululizo. Maganga hakuchimba. Alisema ng'ombe unamwona kwa macho, ukimhesabu leo na kesho yupo, na jambo hilo lilimtosha.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa Hosiana. Kanisa lilipopewa matarumbeta sita na wageni, moja lilikuwa limebonyea kama lililokanyagwa na trekta, na hilo ndilo alilopewa Hosiana kwa sababu alikuwa msichana. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa ndilo tarumbeta pekee kanisani lililotoa sauti inayofanana na wimbo. Wazee wa kanisa walitafakari sana, wakaamua kwamba tatizo lilikuwa ni yale mengine matano.

Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu Mwanza kusoma fizikia, ukoo ulikaa kikao.

"Atakuwa injinia wa mgodi," akaamua Boaz.

"Nataka kusoma habari za jua, baba mdogo," akasema Hosiana.

"Jua?"

"Ndiyo."

"Hili hili?"

"Hili hili."

Boaz alitoka nje, akalitazama kwa jicho moja, akarudi ndani. "Mbona lipo tu."

Watu walipokwisha kula na kuondoka, Maganga aliwatenga ng'ombe wanne upande wa kushoto wa zizi, na ng'ombe hao hawakuonekana tena. Kuhusu fizikia hakuuliza lolote. Aliuliza tu kama huko chuoni kuna tarumbeta. Kulikuwa na bendi nzima, yenye watu kumi na wawili na sare. Hapo ndipo uso wake ulipofunguka kidogo. Tangu siku ile alikuwa na nia moja ambayo hakuisema kwa sauti, ila Asteria mkewe aliijua: kumsikia binti yake akipiga tarumbeta lisilobonyea, ukumbini, mbele ya watu waliosoma.

Miaka mitatu ikapita. Bendi ilipiga mahafali, ikapiga siku ya chuo, ikampigia kila mheshimiwa aliyepita Mwanza kunywa chai. Maganga hakufika hata mara moja, kwa kuwa ng'ombe hawana likizo.

Mwaka wa mwisho Hosiana alirudi nyumbani kufanya utafiti wake, na mzigo wake ndio uliovuruga kijiji. Ulikuwa mbao nne zilizoungwa kama kitanda kilichosimamishwa wima, zimezungushiwa waya wa shaba mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu bila kukosea. Waya ule uliingia kwenye kisanduku chenye mshale, na kisanduku kilikula moto wa betri ya gari. Akakisimamisha chombo katikati ya shamba, kwenye mabua ya mahindi, akakielekeza kwa dira, akaweka kiti.

"Huko ng'ambo ya bahari, baba," akaeleza, "kuna mitambo inayorusha mawimbi ya redio mchana na usiku, kwa ajili ya meli zinazokwenda chini ya maji. Mawimbi yale yanafika mpaka hapa kwa kudunda kwenye hewa ya juu kabisa. Jua likilipuka, hewa ile inabadilika, na mshale huu unaruka. Kwa hiyo nikitazama mshale nalitazama jua bila kuumia macho."

"Likilipuka, tunafanyaje?"

"Tunaandika."

"Basi?"

"Basi."

Maganga aliona ni kazi ya heshima, inayofanana na ya kanisani.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu ya sifa ambayo hakuna kijiji kingejivunia: palikuwa mbali na umeme. Kijiji kile kiliahidiwa umeme katika kampeni tatu, na nguzo zilizoletwa zilikuwa zimelala kando ya barabara zikiota uyoga. Msimamizi wa Hosiana aliposikia hivyo alifurahi sana. Alisema mahali penye utulivu wa namna hiyo ni adimu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu msomi kuupongeza uongozi wa kijiji, na mwenyekiti alizisambaza pongezi hizo kwa wiki nzima.

Chuo kilikuwa na kompyuta ya kuandika vipimo yenyewe. Ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye kila aliyeulizwa alimfahamu kwa sura tu. Kwa hiyo Hosiana angeandika kwa mkono, kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku thelathini mfululizo. Pembeni angeandika chochote kinachoweza kuusumbua mshale, iwe radi, simu au injini. Siku moja ikikosekana, anaanza upya. Na kwa kuwa muda wa kuanza upya haukuwepo, maana yake ilikuwa kurudia mwaka.

Siku ya ishirini na tano simu ililia. Hosiana alikwenda kuipokelea nyuma ya zizi, hatua mia mbili kutoka kwenye chombo, kama alivyojiwekea sheria. Alikuwa Marwa, kiongozi wa bendi ya chuo, kijana wa Tarime mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

"Dada, tamasha limesogezwa. Ni Jumamosi hii."

"Jumamosi hii nipo na jua."

"Jua litakuwepo hata Jumatatu."

"Ndiyo shida yenyewe, Marwa. Lipo kila siku."

"Kile kipande cha peke yako hakuna mwingine anayekiweza. Mwenzako ana taifodi. Nimpe nani? Nimpe mgeni rasmi apige mwenyewe?"

Hosiana alirudi shambani ameinamisha uso. Alikuwa ameahidi tangu Januari, na watu kumi na mmoja walikuwa wamefanya mazoezi kwa ahadi yake. Kwenda, kupiga na kurudi ni siku tatu. Maganga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nenda ukapige, ng'wanone, mwanangu. Nionyeshe huo mshale unavyosomwa."

"Baba, ikikosekana hata moja..."

"Nimechunga ng'ombe arobaini kwenye pori la fisi. Jua ni moja."

Akamfundisha Alhamisi nzima. Maganga aliandika tarakimu kubwa, zilizosimama wima kama wanajeshi, na kila alipoandika alivuta pumzi. "Mshale ukiruka," Hosiana akamsisitizia, "acha kungoja dakika kumi, andika kila dakika mpaka utulie. Usiondoke hapa hata nyumba ikiungua."

"Hata nyumba ikiungua?" akauliza Asteria, aliyekuwa ameleta uji.

"Hata, mama."

"Elimu imefika mbali," akasema Asteria, akachukua kikombe chake akaondoka.

Wakapanga na jambo moja zaidi. Kipande cha peke yake kilikuwa cha dakika nne, na kwenye ratiba kilikuwa saa tano na dakika tatu asubuhi. Marwa angepiga simu ya Asteria na kuiweka karibu na jukwaa. Maganga angeandika kipimo cha saa tano kamili, angekwenda nyuma ya zizi, angesikiliza, na angerudi kabla ya saa tano na dakika kumi. Alikwenda na kurudi mara tatu huku akitazama saa yake ya mkononi, kujiridhisha. Dakika mbili kwenda, dakika mbili kurudi, na inabaki moja ya kukaa. Asteria alimwona akifanya mazoezi hayo ya kutembea, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akageuka upande asije akacheka.

Ijumaa alfajiri Hosiana akaondoka na basi. Saa mbili asubuhi Boaz akafika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Simu yako iache pale kwenye mti."

Boaz aliiacha, akarudi akachuchumaa mbele ya chombo. Hapa inafaa kueleza alichokuwa nacho kichwani, maana hakikuwa ujinga mtupu. Watu wa ukanda ule, tangu Katoro hadi Mwakitolyo, wamewaona wataalamu wa kampuni wakipita mashambani na waya na visanduku vyenye mishale. Na walikopita wataalamu, baada ya mwaka uzio umesimama. Kila mtoto anajua waya wa shaba unatafuta nini.

"Kaka, tuseme ukweli kama watoto wa tumbo moja. Hiki ni kipimo cha dhahabu."

"Kinapima jua."

"Jua liko juu. Mbona huo waya haujatazama juu?"

"Sijui. Hosiana ndiye anayejua."

"Wale wa kampuni hutembea nacho. Cha mtoto kimesimama mahali pamoja siku ishirini na saba. Kwa nini kimesimama?"

"Kwa sababu hakitembei."

"Kimesimama kwa sababu kimeona!" Boaz akapiga goti lake. "Mnatuficha sisi ndugu zenu, halafu mtoto unamwambia aende Mwanza kupiga tarumbeta. Tarumbeta! Amekwenda kumwita mzungu."

"Saa mbili na nusu," akasema Maganga, akaandika: *Mshale 50. Boaz yupo.*

Jioni ile Boaz alipigilia vigingi viwili vya mti kandokando ya shamba, akafunga kitambaa chekundu. Kwa watu wa machimbo kitambaa hicho husema mahali pana mwenyewe, na husema pia kwamba pana kitu. Haikuhitaji tangazo lingine.

Jumamosi, Maganga alipofika kwenye kiti chake kabla ya saa moja, alikuta watu arobaini. Walikuwa na sururu, nyundo, kamba na ndoo. Wengine walikuwa wameshapima viwanja vyao kwa hatua na walikuwa wakigombana mipaka, kwenye shamba la mtu, mbele ya mtu mwenyewe. Ghati, mama wa Kikurya anayeuza chakula machimboni, alikuwa ameshaweka jiko la mandazi kwenye mabua, na pembeni yake jenereta la kuchajia simu. Soko lilikuwa tayari. Kilichobaki ilikuwa ni dhahabu tu.

Maganga alichora mstari wa mviringo ardhini kwa kisigino, hatua nne kila upande wa chombo. "Humu asiingie mtu. Na hilo jenereta, Mama, lizime. Linausumbua mshale."

"Mshale unasumbuliwa na jenereta?" Ghati akawageukia wengine. "Mmesikia? Kinasikia mpaka jenereta. Kitashindwa dhahabu?"

Lakini alilizima, kwa kuwa ameombwa na mtu mzima. Na vilevile hakuna aliyevuka ule mstari. Boaz alikuwa mdogo, na mdogo hamwinui kaka yake kwenye kiti, hata kama kiti kimewekwa juu ya utajiri. Akatafuta njia ya adabu.

"Kaka, tumalize kwa amani. Wewe ni mtu wa kanisa. Apa mbele ya watu hawa kwamba hapa chini hakuna dhahabu, nasi tutaondoka sasa hivi."

Asteria, aliyekuwa amesimama na kibuyu cha maji, alimtolea mumewe macho ya kumwomba. Neno moja tu lilihitajika, na shamba lingepona. Maganga alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwona akifikiri haraka.

"Siwezi kuapa," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui kama hakuna. Chini sijafika."

Kelele iliyopanda hapo ilisikika mpaka barabarani. "Amekataa kuapa! Mzee wa kanisa amekataa kuapa!" Ghati akatikisa kichwa. "Mwongo ningemwelewa," akasema. "Huyu anasema kweli, ndiyo balaa lenyewe." Sururu ya kwanza ikashuka nje kidogo ya mstari.

Asteria alisogea. "Baba Hosiana, ungesema tu hakuna."

"Ningesema nisichokijua."

"Na sasa?"

"Sasa wanachimba shamba langu." Akatazama saa. "Saa tatu na nusu. Hamsini na moja."

Tamasha nalo lilikuwa na mambo yake. Saa tano kamili Maganga aliandika, akaweka kalamu, akainuka, akapita katikati ya wachimbaji kwa mwendo aliokuwa ameufanyia mazoezi. Nyuma ya zizi Asteria alimpa simu. Sauti ya Marwa ilikuwa imechoka.

"Shikamoo, mzee. Hatujaanza. Mgeni rasmi hajafika."

"Yuko wapi?"

"Wanasema yuko njiani."

Maganga akarudi. Saa sita mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Saa saba alikuwa njiani vilevile, na ilikuwa imejulikana kwamba njia hiyo ilipitia kwenye chakula cha mchana. Watu mia nne walikaa ukumbini wakijipepea kwa ratiba, bendi ikavaa sare mpaka sare ikalowa, na chuo kilichojaa maprofesa hakikumpata hata mmoja mwenye ujasiri wa kusema tuanze. Mwishowe Marwa akatuma neno kwamba kipande cha Hosiana kitakuwa kama saa nane.

Saa saba na dakika hamsini Maganga aliinama kuandika. Mshale ambao haukuzidi hamsini na mbili tangu asubuhi ulikuwa sitini. Akadhani macho yake yamechoka. Akafumba, akafumbua. Sitini na tatu. Ukapanda mbele yake kama ndama anayeinuka kwa mara ya kwanza, kwa kusitasita, halafu kwa nguvu.

Kwa bahati mbaya Boaz naye alikuwa ametoka kupiga mwamba kwa nyundo dakika ile ile, na alikuwa ameinua uso kufuta jasho.

"Umeruka!" akapiga yowe. "Nimepiga hapa, umeruka! Umeona!"

Hapo Maganga angeweza kueleza. Angeweza kusimama juu ya kiti na kuwaambia kwamba kilichoruka kiko mbali sana kuliko Mwanza, na kwamba Muumba wa jua hakumshauri Boaz kabla ya kulilipua. Lakini kueleza kunachukua dakika, na dakika zilikuwa na wenyewe. Saa saba na hamsini na moja, sitini na tano. Hamsini na mbili, sitini na nane. Watu walichimba kama waliofukuzwa. Wakala udongo upande wa mashariki wa mstari, wakala wa kusini, wakazunguka. Udongo ukamrukia begani na kwenye daftari, akaupuliza, akaandika. Baada ya robo saa palikuwa na shimo la kufika kiunoni pande tatu, na katikati yake kisiwa cha udongo chenye chombo, betri, kiti, na mzee mmoja.

Saa nane na dakika sita Asteria alikuja mbio, simu imeinuliwa juu ya kichwa kama taa. "Baba Hosiana! Ndiyo anaanza! Njoo!"

Maganga hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto tu. "Rudi nyuma! Simu!"

"Dakika nne tu! Mwachie Boaz daftari!"

"Rudi nyuma, mama. Nakuomba."

Alisema "nakuomba", neno ambalo Asteria aliwahi kulisikia kwake mara mbili katika ndoa ya miaka thelathini na mitatu. Akarudi nyuma. Akakaa chini ya ukuta wa zizi, akaiweka simu sikioni peke yake. Daftari lipo mpaka leo, na mistari ile inasomeka vizuri:

*8:06. 74. Mama Hosiana amekuja na simu. Nimemrudisha.*

*8:07. 75.*

*8:08. 75. Yupo nyuma ya zizi. Sisikii.*

*8:09. 73. Sisikii.*

*8:10. 72. Boaz ameangusha ndoo.*

Mshale ulitulia saa tisa kasoro dakika tano. Maganga akanyoosha vidole, vikakataa kunyooka. Asteria alimletea maji. Ilibidi ayapitishe kwa Boaz, maana upande wa nne nao ulikuwa umeshachimbwa, na kisiwa kilikuwa hakifikiki kwa mtu aliyevaa kitenge.

"Alipiga?" Maganga akauliza.

"Alipiga."

"Vizuri?"

Asteria alifuta uso kwa upande wa kitenge. "Mimi sijui vizuri ni nini. Watu walinyamaza wote. Halafu wakapiga kelele mpaka simu ikakata."

"Hm," akasema Maganga, akaandika kipimo cha saa tisa.

Jumapili hakwenda kanisani, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Davis alimwandika mtoro kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu, bila kuuliza. Maganga alisali kwenye kiti, katikati ya saa nne na saa nne na dakika kumi, sala fupi yenye kituo.

Hosiana alirudi Jumapili saa kumi alasiri kwa bodaboda. Aliacha simu kwenye mti, akapita katikati ya watu, akafika ukingoni mwa shimo. Akamwona baba yake kwenye kisiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usikanyage hapo, panabomoka. Ingia kwa huku."

Akaingia, akapokea daftari, akasoma kwa kidole. Alipofika Jumamosi mchana, kidole kikasimama. "Baba. Jana kuna chombo kilichoko angani, huko juu kabisa, kimetangaza jua limelipuka. Nimeona kwenye simu njiani, nikalia kwenye basi, nikajua tumekosa. Kimeandika saa saba na dakika arobaini na tisa."

"Mimi nimeandika hamsini."

"Ndiyo."

"Nimechelewa moja. Boaz alikuwa amenisimamia mbele."

"Hujachelewa. Hewa ndiyo huchelewa kidogo, ndivyo inavyotakiwa." Akageuza ukurasa, na akaiona ile mistari ya saa nane. Aliisoma, akairudia, akafunga daftari. "Hukunisikia."

"Nilikuwa kazini."

Akataka kuchukua tarumbeta kwenye mkoba pale pale. Maganga akamzuia kwa mkono. "Hapana. Mshale utatikisika."

Hosiana alijua wazi kwamba sauti ya tarumbeta haiufanyi kitu mshale ule. Alikuwa na fizikia ya miaka mitatu ya kuthibitisha hilo. Akafunga mkoba.

"Imebaki siku moja, baba. Kesho jioni."

"Kesho jioni," akasema Maganga, na hakusimama kumpisha kwenye kiti.

Jumatatu watu walikuwa wamepungua. Boaz alikuwa amepeleka mawe meupe kwenye karasha, yakasagwa na kuoshwa, na kilichobaki kwenye karai kilikuwa ni karai. Ghati alihamisha jiko. Alisema ndiye pekee aliyetoka na faida katika shamba lile, na hakuna aliyembishia. Boaz alibaki na watu wanne, akieleza kwamba mkanda wa dhahabu hukaa chini kidogo ya mahali mtu anapokatia tamaa, na kwamba ni suala la wiki ijayo.

Baba na binti walikaa kwenye kisiwa mchana kutwa, baba kwenye kiti, binti kwenye betri ya akiba. Hosiana alisoma mshale mara moja, Maganga akausoma tena kuhakiki, kisha akaandika yeye. Asteria aliwaletea ugali na maziwa ya mgando kwa ngazi. Saa kumi na moja kamili Maganga aliandika tarakimu ya mwisho, akaikagua kama haijapinda, akafuta vumbi.

"Zimetimia?"

"Thelathini, baba. Hakuna iliyokosekana."

"Asante Mungu." Alivua kofia. "Haya. Sasa piga."

Hosiana alisimama pale pale juu ya kisiwa, akatoa tarumbeta la chuo, jipya, lisilo na kovu, akapiga kipande chote cha dakika nne, bila bendi nyuma yake, bila ukumbi. Sauti iligonga kuta za shimo ikapanda. Wale watu wanne wakaegemea sururu. Boaz akatoa kichwa kwenye duara lake, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Na hicho kinapima nini?" akauliza.

"Nyamaza," akasema Asteria kutoka ukingoni.

Maganga alisikiliza ameinama, mikono magotini, kofia mguuni. Hosiana alipomaliza akashusha tarumbeta, akafuta mdomo, akangoja. Alikuwa amepigiwa makofi na watu mia nne na mgeni rasmi aliyeshiba, na hakuwahi kungoja namna ile.

"Imekwisha?" Maganga akauliza.

"Imekwisha, baba."

"Rudia," akasema. "Mwanzo wake nilikuwa bado nawaza mshale."